Kutoka Igalula Hadi Bagamoyo kwa Siku Moja: Mafunzo Saba Niliyopata

Binti yetu alijifungua Bagamoyo mwezi wa Agosti mwaka jana. Simu ilipoingia nilikuwa naanua michembe ya viazi vitamu kwenye kichanja nyuma ya nyumba yetu, Igalula. Mume wangu alikuwa amekaa chini ya mwembe, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, maana goti lake halimpi raha tangu alipostaafu kazi ya reli. Nikamwambia, "Baba, ni mtoto wa kike, na mama yake mzima." Akanyamaza kidogo, akafuta macho, kisha akasema, "Mwalimu, funga mizigo. Keshokutwa tulale Pwani."

Katika ukoo wa mume wangu, Pwani si neno la kupita. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Unyanyembe, Tabora ya leo, hadi Bagamoyo. Aliwaachia wanawe msemo ambao haujafa: kazi nzito ikimalizika, iwe kuvuna karanga au kuondoa matanga, mkubwa wa nyumba husema, "Tumefika Pwani." Nimeishi na msemo huo miaka 38 ya ndoa, lakini bahari yenyewe nilikuwa sijaiona.

Njia aliyoipita babu huyo ilikuwa ya miezi. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Sisi tulikuwa na siku moja. Tuliondoka Igalula jioni, tukalala Tabora mjini, na saa kumi na moja alfajiri tukapanda basi la kupitia Itigi, Manyoni, Dodoma na Morogoro. Mpango ulikuwa tushuke Chalinze, tuunge hadi Msata, kisha Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 800. Tulikwenda kwa basi, ila walionifundisha zaidi siku ile ni wale waliotembea.

1. Mzigo hupimwa kwa bega la anayeubeba

Mara ya kwanza nilifunga mizigo kwa moyo wa bibi. Dumu la asali la lita 20, kiroba cha karanga, mchele wa debe zima, maboga mawili. Mume wangu akaliinua lile dumu, akaenda nalo hatua tano hadi mlangoni, akalitua, akashika goti. Hakusema neno. Nami sikuhitaji neno.

Lita 20 za asali zina uzito wa kilo 28 hivi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na bado aliongeza mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Robota la nguo alilobeba liliitwa mtumba, neno lile lile tunalolitumia leo sokoni kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Lakini wale walikuwa vijana waliozoea, na hata wao waliujaribu mzigo begani kabla ya kuupokea. Mimi nilikuwa nimempangia mzee wa goti bovu mzigo wa kijana wa mwaka 1870.

Usiku ule nilifungua kila kitu upya. Asali nikaipunguza hadi lita tano. Nikaweka kipande cha nailoni mdomoni mwa dumu, nikakaza kifuniko juu yake, nikazungushia ukanda wa mpira wa baiskeli mara nne, kisha khanga kuukuu, kisha mfuko wa salfeti. Nilipolilaza ubavu juu ya sakafu na kusubiri, halikutoa hata tone. Tangu siku ile nina kanuni: kila mtu ainue mzigo wake, atembee nao hatua 100 nyumbani kwake. Ukimshinda hapo, utamshinda stendi.

2. Chungu nacho ni msafara

Watu wanapozungumzia misafara hutaja pembe, nguo na bunduki. Mara chache hutaja chungu. Lakini wanawake wengi wa Kinyamwezi walisafiri na waume zao hadi Pwani na kurudi, wakiwa na vyungu, vibuyu na watoto mgongoni. Jioni kambini wao ndio waliotafuta kuni, wakasonga ugali, wakawasimamisha watu tena kwa ajili ya kesho. Katika msafara wa mwisho wa mmisionari David Livingstone, aliyeishi kwa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, walikuwemo Halima, mpishi wake na mke wa mtumishi wake Amoda, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Chuma, mtumishi wa Livingstone, ametajwa katika vitabu vingi. Mkewe naye alikanyaga vumbi lile lile.

Neno posho, ambalo leo maofisini lina maana ya fedha, lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, mara nyingi kibaba cha nafaka. Posho ikikosekana, watu walitua mizigo na kurudi kwao, na ni vigumu kuwalaumu.

Kwa hiyo nilifunga posho yetu kwanza, mizigo ikafuata. Nilichukua matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Mtu anatia kipande kimoja mdomoni, anakiacha kilainike chenyewe, utamu unatoka taratibu. Vipande vitatu na karanga za kukaanga vilitutoa Tabora hadi Dodoma bila kuumwa tumbo na bila kumkimbilia muuza chips dirishani. Chakula cha safari ndefu kiwe kile ambacho tumbo lako linakijua tangu utoto.

3. Kirangozi huwa mmoja, na neno mlilokubaliana halibadilishwi njiani

Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na bendera, na mwingine hakuruhusiwa kumpita. Watu mia kadhaa waliweza kufuatana porini kwa sababu macho yote yalimtazama mmoja.

Mimi na mume wangu tumezoea kuongoza wote wawili kwa pamoja. Yeye anauliza njia huku, mimi nauliza kule, tunarudi na majibu mawili na hasira mbili. Safari hii tuligawana: tiketi, mizigo na maulizo hadi Dodoma ni yake, kutoka Dodoma hadi Bagamoyo ni yangu. Asiye na zamu anashauri mara moja tu, kisha anafuata.

Jaribio lilikuja Morogoro. Abiria mmoja alimshawishi mume wangu tuendelee hadi Dar es Salaam, tulale huko, Bagamoyo iwe kesho. Goti lilikuwa linamuuma na kiti alikuwa amekizoea. Akanigeukia. Nikamuuliza, "Baba, tulikubaliana nini Igalula?" Akatabasamu. "Chalinze."

Nilimkumbuka Chuma na mwenzake Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wenzake waliamua kuurudisha mwili wake hadi Pwani. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Mwingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike pale. Walikataa. Waliendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ushauri wa Cameron haukuwa wa uadui, na uchovu wao ulikuwa wa kweli. Lakini walikuwa wameshakubaliana, tena wakiwa na akili timamu, kabla uchovu haujapewa nafasi ya kusema.

4. Maji hubebwa kabla ya kiu

Kati ya Unyamwezi na Ugogo wasafiri wa zamani walikuwa na pori waliloliita Mgunda Mkali. Lilikuwa vichaka vilivyofumana na nchi isiyo na maji ya uhakika, mwendo wa siku kadhaa. Aliyetoka Pwani alijua ameokoka alipoona mashamba ya Tura. Dawa yao ya kiu ilikuwa terekeza: mnapika na kunywa mchana penye maji, mnajaza vibuyu, mnatembea alasiri yote, mnalala pakavu, na asubuhi mnaamkia safari ya kuyafikia maji mengine. Aliyengoja kiu ndipo atafute kisima hakufika.

Siku hizi lami inalipasua pori lile, na abiria wengi hulipita wamelala. Sisi hatukulala. Tulikuwa tumeshaipita Chaya, Itigi bado iko mbele, tairi la nyuma likapasuka kwa mlio ulioamsha basi zima. Tulishuka. Jeki ikazama mchangani, wakatafuta jiwe la kuweka chini, jeki ikainuka, nati mbili zikakataa kufunguka. Tulikaa saa moja na nusu, na jua la Agosti lilikuwa limeshapanda. Duka halikuwepo, wala nyumba. Vichaka vya Itigi havina kivuli cha kumsitiri mtu mzima. Matawi yake yanaanzia magotini.

Nilikuwa nimejaza chupa mbili za lita moja na nusu tangu Tabora, ingawa mume wangu aliona ni uzito wa bure. Pembeni yetu alikaa mama kijana na mtoto wa miaka miwili hivi ambaye alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Mume wangu alichukua chupa mkononi mwangu, akamimina kwenye kifuniko, akamnywesha yule mtoto kifuniko baada ya kifuniko, polepole, kama anavyonyweshwa ndama mgonjwa. Tulibaki na chupa moja. Ilitutosha hadi Manyoni. Maji unayobeba njiani si yako peke yako, kwa hiyo beba zaidi ya kiu yako.

5. Mwenye njia ana haki yake, na mbebaji ana ujira wake

Nilipokuwa nafundisha darasa la sita, wanafunzi walishangaa kusikia kwamba hongo haikuwa neno la aibu zamani. Ugogo ni nchi kavu, na visima vilikuwa vya wenyeji waliovichimba na kuvitunza. Msafara uliopita na watu mia tano ulikausha kisima cha kijiji. Ndiyo maana watemi wa Kigogo walidai hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, merikani na kaniki, na baada ya kulipa wasafiri walikunywa na kununua nafaka kwa amani. Wageni waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo. Sikumbuki kusoma malalamiko ya mwenye kisima.

Neno limechafuka, lakini haki iliyokuwa ndani yake bado ipo. Dodoma nilinawa na kujisaidia katika kibanda cha mama ntilie. Nilinunua chai yake japo sikuwa na hamu ya chai, nikamshukuru kwa kumwita mama, ingawa umri wetu ni mmoja.

Chalinze nilikosea. Giza lilikuwa limeingia, kijana wa toroli akasema atatupelekea mizigo hadi kwenye magari ya Msata kwa shilingi 2,000. Nikamvuta hadi 1,000, na nikajisikia nimeshinda. Alisukuma toroli kwenye changarawe, akapandisha mizigo juu ya gari mwenyewe, akalifunga dumu la asali kwa kamba yake. Mume wangu akampa 3,000. Sikuuliza. Alipokaa ndio akasema, taratibu, "Mwalimu, mzee wetu naye alikuwa anapatana bei."

Nilibaki na neno hilo njia nzima. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliouza nguvu zao kwa mkataba, na biashara yote ya njia ile ilisimama juu ya mabega yao. Mtu akitaka kuwaheshimu leo, hana haja ya kuwatafuta makumbusho. Wapo stendi, na toroli zao.

6. Mwendo wa msafara ni mwendo wa mwenye goti bovu

Msafara wa kawaida uliondoka alfajiri, ukatembea saa chache, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Kilomita 15 au 20 kwa siku zilikuwa mwendo mzuri. Mwenye haraka aliwaacha wagonjwa nyuma, kisha akabaki na mizigo isiyo na wabebaji.

Sisi tulipita kwa siku moja yale waliyoyapita kwa miezi. Karibu na Manyoni nilikumbuka kwamba tunapita jirani na Kilimatinde. Nchi yetu iliiweka Kilimatinde katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, kwa ajili ya njia hii hii. Niligeuza shingo, na basi likawa limeshapita. Haraka ina gharama yake, na hiyo ni mojawapo.

Gharama nyingine inalipwa na mwili. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huvimbisha vifundo, na kwa watu wa umri wetu kunaweza kugandisha damu mguuni. Kwa hiyo tuliafikiana: kila basi linaposimama, hata kwa dakika tano, tunashuka wote wawili. Gairo tulizunguka basi mara tatu, yeye amenishika bega, mimi nahesabu hatua kwa sauti kama mazoezi ya shule. Abiria walituangalia. Mmoja, baba mwenye fimbo, akaja akajiunga nasi. Morogoro tulikuwa watu sita.

Niliolewa na mwanamume anayetembea haraka. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nyuma, mtoto mgongoni, nikimwambia angoje. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa nyuma, na nilijua la kufanya, kwa sababu nilikumbuka nilivyokuwa nataka kufanyiwa. Nilipunguza hatua bila kumwambia kwamba nimepunguza.

7. Kufika nako kuna adabu yake

Msafara ulipokaribia mwisho wa safari haukuingia mjini na vumbi lake. Watu walisimama, wakaoga, wakavaa nguo safi walizozitunza robotani tangu mwanzo, ngoma zikapigwa na bunduki zikalia. Walitaka waonekane wamefika wakiwa watu, ingawa njia ilikuwa imewasaga.

Baada ya Msata upepo ulibadilika. Ulikuwa na unyevu, na mume wangu alifungua dirisha akavuta pumzi kama mtu anayenusa chakula cha nyumbani kwao. Minazi ikaanza kuonekana kwenye taa za gari. Nilitoa khanga mpya niliyoiweka juu kabisa ya mkoba kwa ajili ya saa ile, nikajifunga. Yeye akavaa kofia yake. Tuliposhuka Bagamoyo ilikuwa karibu saa tatu usiku, na njia ya kwenda kwa binti yetu ilikuwa ya mchanga, haipiti toroli. Nikazungusha kitenge mkononi, nikakifanya ngata, nikajitwika dumu kichwani. Yeye akabeba mkoba mwepesi. Tulikwenda hivyo, taratibu, mpaka mlangoni.

Binti yetu alifungua mlango na mtoto mkononi. Hakusalimu kwanza. Alimweka mtoto mikononi mwa baba yake, akasema, "Baba, mmefika Pwani." Mkubwa wa nyumba alitaka kujibu, sauti ikamkatalia.

Asubuhi tulikwenda ufukweni, karibu na soko la samaki. Wapo wanaosema jina la mji huu limetokana na "bwaga moyo", neno la wapagazi waliotua mizigo na kupumzika. Wapo wanaosema ni kilio cha mateka waliouacha moyo wao bara kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wote wawili walikanyaga mchanga ule, mwenye ujira na mwenye mnyororo shingoni. Nimeona si haki kufurahia wa kwanza na kumsahau wa pili, kwa hiyo tulisimama kwanza, tukawaombea, ndipo tukasogea majini.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya babu ikafika mwisho, na kijukuu wake akaja kuzeekea kwenye reli hiyo hiyo. Sasa alikunja suruali, akaingia baharini hadi lile goti, akasimama kimya, mkono wake begani kwangu. Nyuma yetu kijana alikuwa anashusha samaki kutoka kwenye mashua. Kabla ya kujitwika tenga alivua fulana yake, akaizungusha mara tatu, akaiweka kichwani. Mume wangu akamtazama, akanigusa mkono, akasema, "Ngata, Mwalimu. Umeiona?"